Kumwelewa mnunuzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu utafiti wa soko na kugawa wateja katika makundi

Maswali haya hujirudia kila mara watu wanaouza kitu wanapokaa na mtafiti, wawe na kampuni kubwa au meza moja tu. Yamejibiwa kwa kufuata jinsi kazi inavyofanyika mikononi, na pale ambapo wataalamu wanabishana imesemwa wazi kwamba wanabishana.

Tabia ya mlaji maana yake nini?

Ni yote anayofanya mtu tangu anapohisi anahitaji kitu hadi anapokitupa kikishachakaa. Anatafuta habari, analinganisha, anaahirisha, anamuuliza anayemwamini, analipa, anatumia, anasifia au analalamika, kisha ananunua tena au anahamia kwingine. Wauzaji wengi huitazama hatua ya kulipa tu kwa sababu ndiyo inayoacha alama kwenye daftari. Lakini mtu aliyeishika bidhaa, akaisoma nyuma, akairudisha alipoitoa, ana mengi ya kukufundisha kuliko aliyelipa. Tatizo ni kwamba huyo hana risiti, kwa hiyo hakuna ripoti inayomtaja.

Tena tabia hubadilika kulingana na kinachonunuliwa. Sabuni hununuliwa kwa mazoea, mawazo yakiwa kwingine. Friji hununuliwa baada ya kuuliziauliza kwa wiki kadhaa. Ukimhoji mtu kuhusu sabuni kwa maswali yanayofaa friji, atakupa sababu ndefu alizozitunga papo hapo ili asionekane hajui anachokifanya.

Kwani mnunuzi na mtumiaji si mtu mmoja?

Mara nyingi sivyo. Chukua printa ya ofisini: anayeitumia ni karani, anayeipendekeza ni fundi wa kompyuta, anayeomba bei ni ofisa manunuzi, anayesaini ni mkuu wa fedha. Kila mmoja ana hofu yake. Karani anaogopa karatasi kukwama, mkuu wa fedha anaogopa gharama ya wino. Nyumbani ni vivyo hivyo: mtoto hudai, mzazi mmoja huamua, mwingine hulipa. Dodoso linalotumwa kwa "mteja" bila kusema ni yupi kati yao hurudi na majibu yaliyochanganyika, na hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kuyatenganisha.

Utafiti wa soko una tofauti gani na kuwauliza wateja wanataka nini?

Tofauti kubwa iko mwanzoni. Utafiti huanza na uamuzi ambao mtu fulani anatakiwa kuufanya. Tuongeze saizi ndogo au tusiongeze? Tufungue jioni au tusifungue? Ukishauandika uamuzi huo, andika pia jibu gani litakufanya uende kulia na jibu gani litakufanya uende kushoto. Kama majibu yote mawili yatakupeleka kulekule, usifanye utafiti. Utakuwa unatafuta mtu wa kukuunga mkono, na hilo ni rahisi kupatikana bure.

Kazi yenyewe ina zaidi ya miaka mia. Charles Coolidge Parlin aliajiriwa na kampuni ya uchapishaji ya Curtis huko Marekani mwaka 1911 kuchunguza masoko ili watangazaji wajue wanamwuzia nani, na wengi humtaja kama mwanzilishi wa utafiti wa kibiashara. Arthur Nielsen alianzisha kampuni yake mwaka 1923, na baadaye akapata umaarufu kwa kitu ambacho hakikuhitaji kumwuliza mnunuzi hata neno moja: kuhesabu bidhaa zinazotoka kwenye rafu za maduka.

Nianze na dodoso?

Hapana, dodoso lije mwisho. Anza na ulichonacho: rekodi za mauzo, malalamiko, bidhaa zilizorudishwa, maswali ambayo watu huuliza kabla ya kununua. Kisha tazama takwimu zilizokwisha kukusanywa na wengine, kama sensa na tafiti za matumizi ya kaya ambazo idara za takwimu za serikali huzitoa. Baada ya hapo nenda ukaangalie watu wakinunua. Simama pembeni, uone mkono unaenda wapi kwanza, nani anageuza pakiti kusoma, nani anapiga simu kabla ya kulipa. Kisha zungumza na watu wachache kwa kirefu. Ukifika kwenye dodoso utakuwa unajua cha kuuliza, na litakuwa fupi.

Kwa nini watu husema hivi na kununua vile?

Hili ndilo swali lililozaa nusu ya taaluma hii, na jibu lina matawi.

Kuna kujipendekeza. Mtu anapoulizwa kama husoma masharti kabla ya kusaini, hujibu kama mtu ambaye angependa kuwa. Kuna kusahau: ukimwuliza alinunua mafuta ya nywele mara ngapi mwaka jana, atakisia. Kuna kutabiri: "ungenunua?" ni swali kuhusu mtu asiyekuwepo bado, yaani yeye mwenyewe wa mwezi ujao, mwenye mfuko ambao hajui utakuwa na nini. Na kuna sababu ambazo mtu hazijui, au anazijua ila hawezi kuzitamka mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Mfano wa hilo la mwisho ambao haujazeeka ni jaribio la Mason Haire, lililochapishwa Marekani mwaka 1950. Kahawa ya unga ya papo hapo ilikuwa haipendwi na wengi, na walipoulizwa moja kwa moja walisema tatizo ni ladha. Haire akaandika orodha mbili za manunuzi, kila moja na vitu saba. Zilifanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja: moja ilikuwa na Nescafé, nyingine kahawa ya kawaida ya kuchemsha. Wanawake hamsini wakaonyeshwa orodha ya kwanza, hamsini wengine ya pili, na wote wakaombwa wamweleze mwanamke aliyeiandika ni mtu wa namna gani. Karibu nusu ya walioona Nescafé walimwita mvivu, au asiyejua kupanga mambo ya nyumba yake. Kwenye orodha ya pili lawama hizo karibu hazikuwepo. Hawakuwa wanazungumzia ladha tena. Walikuwa wanazungumzia aibu, na walifika huko kwa sababu waliulizwa kuhusu mtu mwingine.

Kwa hiyo, unapoweza, uliza kuhusu jana kuliko kesho, kuhusu tukio moja kuliko "kwa kawaida", na kuhusu watu wengine pale ambapo ukweli una aibu ndani yake. Na panapokuwa na rekodi ya alichokifanya, iamini hiyo kuliko maelezo yake.

Dodoso zuri linaandikwaje?

Tuchukue swali moja lililo kwenye madodoso mengi na tulifanyie kazi: "Je, unaridhishwa na ubora na bei ya huduma yetu nzuri?" Neno "nzuri" limeshamjibia. "Ubora na bei" ni maswali mawili, na anayependa ubora lakini akalalamikia bei hana pa kuweka tiki. "Huduma yetu" haisemi ipi wala ya lini. Tulirekebishe: "Mara ya mwisho ulipoleta simu kutengenezwa, ilichukua muda gani hadi ukaipata?" Kisha, peke yake: "Muda huo ulikuwa mfupi kuliko ulivyotarajia, kama ulivyotarajia, au mrefu zaidi?" Sasa una jambo linaloweza kuhesabiwa na jambo linaloweza kurekebishwa.

Mengine ni ya kawaida. Maswali mepesi yatangulie, ya kipato na umri yakae mwisho. Machaguo ya jibu yabadilishwe mpangilio kutoka kwa mhojiwa mmoja hadi mwingine, maana kilicho juu ya orodha huchaguliwa zaidi kikisomwa kwa macho. Weka nafasi ya "sijui" ya kweli. Kisha wape watu watano dodoso walijaze wakiwa wamekaa karibu nawe, na kila mahali wanapouliza "hapa unamaanisha nini?" pana kosa lako, si lao.

Urefu? Dakika kumi zikipita, watu huanza kujibu ili wamalize.

Niwahoji watu wangapi?

Kama sampuli imechaguliwa kwa bahati nasibu, watu 100 hukupa kiwango cha makosa cha karibu asilimia 10 juu au chini, watu 400 karibu asilimia 5, na watu 1,000 karibu asilimia 3, kwa uhakika wa asilimia 95. Utaona kwamba kupunguza kosa kwa nusu kunahitaji sampuli mara nne, ndiyo maana tafiti nyingi za kitaifa husimama karibu na elfu moja. Kumbuka pia kwamba hesabu hiyo ni ya sampuli nzima. Ukiwagawa watu 400 katika makundi manane, kila kundi linabaki na watu 50 hivi, na kosa linapanda hadi karibu asilimia 14. Anayetaka kuzungumzia makundi lazima apange ukubwa wa makundi kabla ya kwenda kuhoji.

Lakini wingi peke yake hauokoi chochote. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zaidi ya milioni 2 zilirudi, na gazeti likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda kwa asilimia 57. Franklin Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa kiasi kikubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, kwa sampuli ndogo mara nyingi zaidi, alimtaja mshindi sahihi.

Kura za mtandaoni za leo zina ugonjwa uleule. Ukiweka swali kwenye akaunti yako, wanaojibu ni wale wanaokufuata tayari. Umewauliza waumini kama wanaipenda dini yao.

Na majadiliano ya vikundi? Bado yana maana?

Yana maana kwa kusikia lugha. Watu sita hadi kumi wakikaa pamoja utasikia maneno wanayotumia kuitaja bidhaa, wanachokichekea, wanachobishania. Hayafai kwa kuhesabu. "Wanane kati ya kumi walisema" kutoka kwenye kikundi ni sentensi ambayo isiingie kwenye ripoti yoyote. Halafu kuna mzungumzaji mkuu: mtu mmoja mwenye sauti nzito anatoa maoni dakika ya tatu, na wengine wanatumia saa nzima kukubaliana naye kwa maneno tofauti. Mwendeshaji mzuri huwaambia waandike jibu lao kwenye karatasi kwanza kabla mtu hajafungua mdomo.

Binafsi, nikipewa kuchagua kati ya vikundi viwili na mahojiano kumi ya mtu mmojammoja, nachukua mahojiano.

Utafiti mkubwa unaweza kutoa jibu baya?

Ndiyo, ukiuliza swali dogo kuliko uamuzi. Coca-Cola ilipoandaa ladha mpya iliyotangazwa Aprili 23, 1985, ilikuwa imefanya majaribio ya kuonja kwa watu wapatao 200,000, na ladha mpya ilipendwa zaidi ya ile ya zamani. Kampuni ikaiondoa ya zamani. Hasira za wanunuzi zilikuwa kubwa kiasi kwamba baada ya siku 79, Julai 11, ilitangaza kuirudisha. Majaribio yalipima kionjo kidogo kinywani. Hayakupima mtu anajisikiaje akiambiwa kwamba kinywaji alichokulia nacho hakipo tena, na hilo ndilo hasa walilokuwa wanataka kulifanya. Takwimu hazikuwa za uongo. Zilijibu swali lingine.

Kugawa soko ni nini, na wazo hili lilitoka wapi?

Kugawa soko ni kukubali kwamba wanunuzi hawafanani, kisha kuwaweka pamoja wale watakaoitikia kwa namna moja ukibadilisha bidhaa, bei, ujumbe au mahali pa kuuzia. Maneno muhimu ni "watakaoitikia kwa namna moja". Kufanana sura hakutoshi.

Wazo lilipewa jina mwaka 1956 katika makala ya Wendell Smith kwenye jarida la Journal of Marketing, ila wafanyabiashara walikuwa wakilitumia mapema. Ford iliuza zaidi ya magari milioni 15 ya Model T kati ya 1908 na 1927, gari moja kwa watu wote. General Motors chini ya Alfred Sloan ikachukua njia nyingine katika miaka ya 1920: gari kwa kila mfuko na kila shughuli, kuanzia Chevrolet ya bei nafuu hadi Cadillac. Model T ilikoma kutengenezwa mwaka 1927.

Nitumie vigezo gani kugawa wateja wangu?

Vigezo vinavyotajwa sana ni vinne: mahali mtu anapoishi, sifa zake za kidemografia kama umri, jinsia, elimu na kipato, mtindo wake wa maisha na mitazamo, na tabia yake ya kununua na kutumia. Viwili vya kwanza hupendwa kwa sababu ni rahisi kupima, wala havina ubaya. Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kipato cha kaya kinavyopanda, sehemu ya kipato inayokwenda kwenye chakula hupungua, na kanuni hiyo inaendelea kuonekana katika takwimu za nchi nyingi. Kwa hiyo kipato kinasema kitu. Tatizo ni pale mtu anaposema "wateja wetu ni wanawake wa miaka 25 hadi 34" na kudhani amemaliza. Kati ya wanawake hao yumo mwanafunzi wa udaktari, mjane mwenye duka, na dereva wa lori. Wanafanana umri tu.

Daniel Yankelovich aliliandika hilo mwaka 1964: umri na jinsia peke yake havitoshi, tazama thamani mtu anayoitafuta na jinsi anavyotumia kitu. Miaka minne baadaye Russell Haley akaonyesha njia kwa kutumia dawa ya meno. Aligawa wanunuzi kwa faida wanayoitafuta. Wapo wanaotaka ladha na mwonekano wa dawa, na wengi wao ni watoto. Wapo wanaotaka meno meupe, hasa vijana wenye mizunguko mingi ya kijamii. Wapo wanaohofia meno kuoza, wenye familia kubwa. Na wapo wanaotazama bei tu. Bidhaa ni ileile kwenye rafu ileile, lakini ni mazungumzo manne tofauti. Ona pia kwamba alianza na faida, kisha akaangalia ni akina nani. Wengi hufanya kinyume, wanaanza na akina nani halafu wanatafuta sababu ya kuwaweka pamoja.

Ningeongeza hali ya ununuzi, kigezo ambacho kwa maoni yangu hupuuzwa mno. Mtu yuleyule akinunua kalamu yake hutazama bei, akinunua kalamu ya zawadi hutazama kasha. Akisafiri kikazi anataka kuondoka saa kamili, akisafiri na watoto anataka nafasi ya mizigo. Ukigawa watu, utashindwa kumweka mtu huyu. Ukigawa hali, atakaa vizuri mara mbili.

Nitajuaje kwamba kundi ni la kweli?

Linapimika, ni kubwa vya kutosha kulipia juhudi, linafikika, linaitikia tofauti na mengine, na unaweza kulihudumia kwa uwezo ulio nao. Vitabu vyote vitakupa masharti hayo. Hapa kwenye kufikika ndipo makundi mengi mazuri hufia. "Watu wanaopenda uhuru" ni kundi zuri sana kwenye slaidi, lakini hawakai mtaa mmoja, hawasikilizi redio moja, wala hawavai beji.

Kipimo cha haraka: yape makundi mawili wenzako wa mauzo na uwaulize wangefanya nini tofauti kesho asubuhi kwa kila moja. Wakikosa jibu, yaunganishe.

Makundi mangapi yanatosha?

Machache kuliko unavyotaka. Matatu hadi sita watu huyakumbuka bila kufungua ripoti. Ukifika kumi, hakuna anayeyatumia.

Programu ya takwimu imenipa makundi matano. Si ndiyo jibu?

Uchambuzi wa kukusanya makundi una tabia moja ya kujihadhari nayo: daima hutoa makundi. Uipe data isiyo na mpangilio wowote, ukiiambia itafute matano itakuletea matano, yenye rangi nzuri kwenye chati. Igawe data nusu mbili na ufanye uchambuzi kila upande peke yake. Badilisha vigezo viwili vitatu uone kama picha inabaki. Kisha chukua jambo ambalo hukulitumia katika kugawa, kama kiasi mtu alichonunua, uangalie kama linatofautiana kati ya makundi. Lisipotofautiana, una picha tu.

Majina nayo yana hatari yake. Kundi likishaitwa "Wapambanaji" watu husahau kwamba mstari uliowatenga na jirani zao ulichorwa na mtu, na ungeweza kupita sentimita mbili pembeni.

Kuna wataalamu wasioamini kugawa soko?

Wapo, na wana hoja nzito. Andrew Ehrenberg na waliomfuata walitumia miongo kuchambua rekodi za manunuzi halisi, wakaona kwamba wanunuzi wa chapa zinazoshindana hufanana kuliko zinavyodai idara za masoko. Waliona pia mtindo unaojirudia: chapa ndogo huwa na wanunuzi wachache, na hao wachache nao huinunua mara chache kidogo kuliko wanunuzi wa chapa kubwa wanavyonunua yao. William McPhee alilieleza jambo hilo mwaka 1963. Maana yake ni kwamba ndoto ya chapa ndogo yenye mashabiki wachache waaminifu kupindukia hutimia kwa nadra. Ukuaji hutoka zaidi kwa kuongeza idadi ya wanaonunua, wakiwemo wanaonunua mara moja moja tu.

Mimi nachukua kati. Kwa bidhaa za kila siku zinazofanana, kujibana kwenye kundi dogo ni kujinyima. Kwa huduma ghali, vifaa vya viwandani, au kitu ambacho watu hukitumia kwa sababu tofauti kabisa, kugawa kunalipa.

Matokeo maarufu ya saikolojia ya mnunuzi yanaaminika?

Soma kwa jicho la pili. Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha mwaka 2000 jaribio la meza ya jemu dukani. Ilipokuwa na aina 24, watu wengi zaidi walisimama, lakini asilimia 3 tu ya waliosimama walinunua. Ilipokuwa na aina 6, walinunua asilimia 30. Wauzaji wengi wakaanza kupunguza rafu. Mwaka 2010 Benjamin Scheibehenne na wenzake walikusanya majaribio 50 ya aina hiyo na kukuta kwamba kwa wastani athari ilikuwa karibu na sifuri: mahali pengine wingi wa machaguo ulidhuru, pengine ulisaidia. Kabla ya kupunguza chochote, jaribu kwenye rafu yako.

Nitajuaje bei ambayo wateja wataikubali?

Usiulize "uko tayari kulipa kiasi gani?" Kila mtu hutaja kidogo. Njia moja inayotumika tangu 1976 ni ya Mholanzi Peter van Westendorp, yenye maswali manne kuhusu bidhaa moja: kwa bei gani ingekuwa rahisi mno hadi utilie shaka ubora wake, kwa bei gani ingekuwa nafuu, kwa bei gani ingeanza kuwa ghali lakini bado ungefikiria, na kwa bei gani ingekuwa ghali mno usiinunue. Ukichora mikondo ya majibu hayo unapata ukanda wa bei. Ni ukanda wa kuanzia, hauna mshindani ndani yake. Jaribio la kweli ni kuuza kwa bei mbili katika sehemu mbili zinazofanana.

Sina bajeti. Nifanyeje?

Una daftari la mauzo, na hilo ni zaidi ya walivyonacho wengi. Chora safu tatu mbele ya kila mteja unayemjua: alinunua mara ya mwisho lini, amenunua mara ngapi katika miezi 12, na ametumia fedha kiasi gani kwa jumla. Panga kila safu kutoka juu hadi chini, uigawe mafungu matatu, na mpe kila mteja alama ya 1 hadi 3 kwa kila safu, 3 ikiwa ya walionunua karibuni zaidi, mara nyingi zaidi au kwa fedha nyingi zaidi.

Sasa soma alama. Mwenye 3-3-3 ni wa kutunzwa, na hahitaji punguzo, anahitaji kusikilizwa kwanza. Mwenye 1-3-3, yaani alinunua sana lakini kitambo, ndiye wa kupigiwa simu wiki hii. Kuna kitu kilitokea, na ataweza kukuambia. Mwenye 3-1-1 ni mgeni: mfuatilie uone kama atanunua mara ya pili. Wenye 1-1-1 waache. Huo ni ugawaji kamili unaotokana na matendo, unaofanyika kwa kalamu na rula, na umewahi kushinda ripoti nyingi za gharama kubwa kwa sababu kila kundi linakuja na kazi yake ya kufanya.

Baada ya hapo hoji watu kumi: watano walioondoka na watano waliorudi. Waulize siku ile ilikuwaje, hatua kwa hatua.

Bidhaa yangu ni mpya kabisa. Nani wa kumtafiti?

Hapa mgawanyo wa Everett Rogers wa 1962 bado unatumika, ule wa watu kwa jinsi wanavyopokea kitu kipya: wabunifu asilimia 2.5, wapokeaji wa mapema 13.5, wengi wa mwanzo 34, wengi wa baadaye 34, na wa mwisho 16. Watafute wanaohangaika na tatizo lako tayari na wamejitengenezea njia ya kulikwepa. Mtu aliyefunga kamba mahali ambapo wewe unataka kuuza kufuli ameshathibitisha hitaji kwa mikono yake. Ila maoni yake yasichukuliwe kuwa ya umma wote. Anavumilia usumbufu ambao hao wengi wa mwanzo na wa baadaye hawatauvumilia.

Vipi kuhusu faragha?

Mwambie mhojiwa wewe ni nani, unakusanya nini, utakitunza kwa muda gani, na kwamba anaweza kukataa. Kusanya kile tu utakachotumia. Nchi nyingi sasa zina sheria ya data binafsi, na ile ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, inawagusa hata walio nje ya Ulaya wanaouza kwa watu waliomo humo. Kanuni za maadili za ESOMAR, chama cha kimataifa cha watafiti wa soko, ambazo toleo la kwanza ni la 1948, zinatenga wazi utafiti na uuzaji: usimpigie mtu simu ukisema unatafiti, kisha umalize kwa kumwuzia. Watu waliofanyiwa hivyo hawajibu tena simu ya mtafiti yeyote.

Na kugawa watu kwa dini, kabila au hali ya afya ili uwanyime huduma au uwatoze zaidi kunaweza kukufikisha mahakamani. Kigezo kinachoonekana safi, kama mtaa mtu anaoishi, kinaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa mlango wa nyuma.

Nirudie utafiti mara ngapi?

Rekodi za mauzo zitazame kila mwezi. Makundi yapitie upya soko linapotikisika: mshindani mpya, teknolojia mpya, bei kupanda ghafla. Maswali machache ya msingi yabaki na maneno yaleyale kila mwaka, hata kama yanakukera, kwa sababu ukibadilisha neno moja huwezi tena kulinganisha na mwaka uliopita.

Matokeo yanapingana na anavyoamini mwenye biashara. Tufanye nini?

Usimpelekee chati. Mpelekee sauti za wateja, dakika tatu za rekodi walizoruhusu zisikilizwe, au mwombe akae kwenye mahojiano mawili bila kuzungumza. Kisha pendekeza jaribio dogo: sehemu moja ifuate imani yake, sehemu nyingine inayofanana nayo ifuate utafiti, kwa muda uliokubaliwa na kipimo kilichoandikwa kabla ya kuanza. Kubalianeni pia, kabla ya siku ya kwanza, nani atahesabu.